Mswaki wa Mbusa

Alikuja na mswaki ndani ya kifuko cha plastiki,
kifuko kimepigwa mafundo matatu,
mafundo yamo ndani ya soksi,
soksi imo mfukoni mwa suruali ambayo si yake.
Kitu kingine hakuja nacho. Viatu, hapana.
Miaka tisa, na njia yote ya Masisi miguuni.

Usiku alilala ameukumbatia.
Alfajiri alijificha nyuma ya nyumba,
juu ya mawe meusi ya volkano,
akafungua fundo, fundo, fundo,
akasugua meno upesi kama mtu anayeiba,
akaurudisha ungali unadondoka maji.
Fundo. Fundo. Fundo.

Siku ya nne nikasikia harufu.
Nilidhani panya amefia chini ya mbao.
Nionyeshe, mwanangu. Akanitazama sana kabla ya kunionyesha.
Nywele za mswaki zimelala
kama majani yaliyolaliwa na ng'ombe,
shinani utando wa kijivu, unateleza.
Nilipomwambia afungue mdomo, fizi zilianza kutoa damu
kabla hata ya kuulizwa.

Mimi si daktari. Nauza makala Birere.
Lakini mwaka ule wa kipindupindu
vijana wa kloro walituambia penye foleni ya maji:
mdudu anapenda unyevu, giza, na mlango uliofungwa.
Umempangisha, nikamwambia Mbusa,
na kodi hatoi.
Hakucheka.

Bibi yangu kule Lubero alitumia mswaki wa mti.
Alitafuna, akakata ncha, akatupa.
Kila asubuhi kijiti kilikuwa kipya.
Huu wa dukani hautupwi jioni, hiyo ndiyo taabu yake:
unakumbuka.
Jana imo, juzi imo, uji umo, homa ya wiki jana imo.
Jina la mswaki tulilichukua,
kile kisu cha kukata ncha tukakisahau mtini.

Yetu sisi husimama dirishani
ndani ya mkebe wa maziwa,
kifuniko nimekitoboa kwa msumari wa moto.
Kila mswaki na tundu lake, kichwa juu,
visipate kusalimiana kwa mashavu.
Wa Kanyere una uzi mwekundu. Wa Paluku umetafunwa kitako.
Wangu ni wa bluu, umepauka, nao unangoja mwisho wa mwezi
nikipata pesa.
Upepo wa ziwa unaikausha.
Lile vumbi jeusi likitua, tunasuuza tena kabla ya kutia mdomoni,
maji ya bidoni, yenye kloro, kikombe kimoja chatosha.

Nikamnunulia mpya soko la Virunga, wa kijani.
Nikapasha msumari, nikatoboa tundu la nne.
Moshi wa plastiki ukatutoa machozi,
afadhali, tulipata sababu.
Suuza hivi, kwa kidole gumba. Kung'uta. Simamisha. Uache.
Akasuuza. Akakung'uta. Akasimamisha.
Mkono ukabaki pale pale.

«Na tukikimbia usiku?»

Kuhusu vijidudu ningeweza kusema hadi jua lizame.
Nikameza mate.
Tukikimbia, nikasema, nitabeba mkebe mzima.
Nilisema hivyo mimi,
niliyekimbia volkano na sufuria tupu kichwani
nikaacha kitambulisho mezani.

Siku sita ule wa kijani ulilala soksini.
Sikumwuliza. Kila jioni niliosha mkebe,
nikamwaga maji ya chini, nikaurudisha na tundu lake wazi.

Jumamosi niliamka kuchambua makala.
Dirishani: uzi mwekundu, uliotafunwa, wa bluu, wa kijani.
Mkavu, nadhani. Sikuugusa;
mswaki wa mtu haushikwi.
Nje, kambani, soksi imefuliwa,
moja,
haina mwenzake.